Barua ya wazi kwa uongozi wa chuo: msimu wetu wa kikapu haukufia uwanjani

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Chuo
Nakala: Mkurugenzi wa Michezo, na wajumbe wote wa Kamati ya Michezo

YAH: MSIMU WA TIMU YA KIKAPU YA WANAWAKE NA RIPOTI MLIYOITOA KUHUSU SISI

Mheshimiwa, shikamoo. Rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni nahodha wa timu ya kikapu ya wanawake, nacheza namba 1, yaani mwongoza mchezo, na nipo mwaka wa mwisho, kwahiyo kabla mtu hajasema natafuta umaarufu au nafasi ya msimu ujao naomba ijulikane kwamba msimu ujao mimi sipo. Naandika hadharani sababu huko ndani tumeshaandika. Barua ilipokelewa ikagongwa muhuri, tukaja ofisini tukaambiwa suala lenu lipo mezani, tukarudi tena tukaambiwa mchakato unaendelea, Mkurugenzi akasema hilo ni la Kamati, Kamati wakasema hilo ni la Mkurugenzi, yaani tumepigwa danadana na watu ambao mpira wenyewe hawachezi. Na bado tungevumilia. Kilichonifanya nikae chini niandike ni ripoti ya mwisho wa msimu. Aya yetu ina mistari mitatu tu, inasema hatukuwa na ari ya ushindani na kwamba chuo kitaangalia upya kama kuna haja ya sisi kuendelea kushiriki ligi.

Ari?

Mheshimiwa naomba uagize karatasi za matokeo, zile za mezani zenye pointi za kila robo, usiangalie namba ya mwisho peke yake. Robo ya kwanza tupo. Ya pili tupo, mapumziko mara nyingi tunaongoza au tumeachwa pointi mbili tatu. Robo ya tatu tunaanza kuhema. Robo ya nne tunafungwa, na sio kufungwa kidogo, kuna mechi tulifunga pointi 4 tu robo nzima. Karibu kila karatasi utakayoshika ina sura hiyo hiyo. Timu isiyo na ari inafungwa kuanzia mwanzo, mpira ukirushwa tu imeshakata tamaa. Timu inayokata pumzi robo ya nne, wiki hii, wiki ijayo na ile nyingine, hiyo ina tatizo ambalo limeanza mbali kabla refa hajapuliza filimbi, na mkitulia mkasoma mtaona linaanzia wapi.

1. MUDA WA UWANJA.

Wanaume wanafanya mazoezi saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, siku nne za wiki. Sisi tulipewa saa tatu hadi saa nne na nusu usiku, siku mbili, na hiyo saa tatu ni ya kwenye karatasi, maana kabla yetu kuna kwaya au kikao au watu wa badminton na sisi tunasubiri mlangoni viatu mkononi. Tukiingia bado kuna kufunga ringi na kufagia. Mtu anatoka pale saa tano, anaoga, anapata usingizi saa saba, na saa moja asubuhi ana kipindi. Kuna watu wa maabara kwenye timu hii, kuna wanaofanya mafunzo kwa vitendo, hao ndo kabisa.

Mnaweza kusema kulala usiku ni mambo yetu binafsi. Chuo cha Stanford cha Marekani walichapisha utafiti 2011, walichukua wachezaji 11 wa timu yao ya kikapu ya wanaume wakawaambia kwa wiki kadhaa walale muda mrefu kuliko walivyozoea. Mitupo huru, ile unayorusha bila kukabwa baada ya faulo, ikaongezeka usahihi kwa asilimia 9, na mbio zao za uwanjani zikawa za kasi zaidi. Kilichobadilishwa ni usingizi. Sasa sisi tumefanyiwa kinyume chake msimu mzima alafu mnatushangaa tunakosa mitupo huru dakika za mwisho.

(Wanaume wenyewe hawana kosa, niseme hilo mapema wasije wakageuziwa kibao. Kuna siku walitupisha nusu saa yao bila kuombwa na mtu, na nahodha wao ndo alitusaidia kuandika ile barua ya kwanza.)

2. MIPIRA.

Hili ni dogo kwa macho lakini ndo linalonikera kuliko yote. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ringi ipo mita 3.05 kutoka chini kwa wanaume na wanawake, uwanja ni mita 28 kwa 15 kwa wote, mechi ni robo 4 za dakika 10 kwa wote. Tofauti inayoonekana uwanjani ni mpira: wanawake namba 6, wanaume namba 7. Sasa katika vitu vyote ambavyo mngeweza kutupa sawa na wanaume, muda, fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo), usafiri, jezi, mlichagua kutusawazisha kwenye kile kimoja ambacho sheria imesema tutofautiane.

Tumefanya mazoezi na namba 7 zilizochoka, zile walizoacha wanaume, nyingine zimeisha vipele zimekuwa laini kama kipara. Namba 7 imezidi kwa karibu inchi nzima ya mzunguko na gramu 50 na ushee za uzito. Mkono unazoea uzito huo. Siku ya mechi unakabidhiwa namba 6, unasimama kwenye mstari, unarusha vile mwili unavyokumbuka, mpira unapita juu unagonga nyuma ya ringi unarudi kwa wapinzani. Na mtu ambaye hajui anakaa jukwaani anasema hawa madada hawajui kulenga. Vyuo vya Marekani vilihamia mpira mdogo kwa wanawake msimu wa 1984-85, yaani hata wengi wetu hatujazaliwa, wala wazazi wetu wengine walikuwa hawajajuana. Tuliomba mipira sita. Sio sita kwa kila mtu, sita kwa timu.

3. MAJERUHI NA FIZIO.

Hapa naomba msome taratibu.

Mwenzetu anayecheza namba 5, yaani senta, ambaye ndo alikuwa anaongoza kwa ribaundi (kudaka mipira iliyokosa ringi), aliumia goti tukiwa nyumbani, kwenye uwanja wetu wenyewe. Aliruka kuchukua mpira chini ya ringi, hakuguswa na mtu, akatua mguu mmoja na goti likaingia ndani. Sauti yake tuliisikia mpaka benchi. Kocha akakimbia na sanduku la huduma ya kwanza, akalifungua, mle ndani kulikuwa na bendeji moja, mkasi, na kopo la dawa ya kupulizia ambalo ukilibonyeza linatoa hewa tu. Fizio wa chuo hakuwepo, alikuwa na wanaume kwenye mechi yao ya kirafiki. Ya kirafiki, Mheshimiwa, na sisi tulikuwa kwenye mechi ya ligi. Aliyemshika mguu, aliyemfunga barafu, aliyekaa naye chini mpaka gari likapatikana, ni fizio wa timu pinzani. Alivuka uwanja na begi lake akafanya kazi yenu. Tulifungwa ile mechi, na tulipomaliza tulienda kumshukuru yeye kwanza kabla ya kupeana mikono na wachezaji wao.

Goti limechanika ligamenti ya mbele, ACL. Hiyo ni miezi tisa na kuendelea kabla mtu hajarudi kucheza, na wengine hawarudi. Hili halikuwa ajali ya Mungu tu kama mtu mmoja wa ofisini alivyotuambia. Kwenye kikapu wanawake wanachanika ACL zaidi ya mara mbili ya wanaume, limeandikwa kwenye tafiti miaka na miaka, na nyingi zinatokea hivo hivo bila kuguswa, kwa kutua vibaya au kugeuka ghafla. Na imeonekana pia kwamba kuna mazoezi ya kupasha mwili ya dakika 15 hadi 20, kujifunza kutua magoti yakiwa yamekunjwa na yameelekea mbele, kusimama mguu mmoja, kuimarisha misuli ya nyuma ya paja, ambayo timu ikiyafanya kila wiki msimu mzima majeraha hayo yanapungua karibu nusu. Hayahitaji mashine wala jengo. Yanahitaji mtu anayeyajua aje atufundishe na asimamie mpaka tuzoee. Tuliomba mtu huyo kabla msimu haujaanza, ipo kwenye barua yenye muhuri wenu, aya ya pili, na wakati huo goti la mwenzetu lilikuwa zima.

4. BENCHI.

Tulianza 12, tukamaliza 7. Mmoja goti, mmoja kifundo cha mguu, wawili masomo yaliwashinda kuunganisha na mazoezi ya usiku, mmoja mzazi wake alimkataza kurudi bwenini saa tano usiku na sijamlaumu.

Wasiocheza kikapu wanadhani saba wanatosha maana uwanjani wanaingia watano. Ngoja nieleze. Faulo tano unatoka. Ukiwa na benchi la watu saba unaweza kucheza difensi ya kukaba kwa nguvu, mtu akipata faulo ya nne unamtoa unampumzisha. Ukiwa na benchi la watu wawili, mchezaji akifika faulo ya tatu kocha anaanza kumwambia usiguse mtu, muache apite. Kwahiyo wapinzani wanapita, lei-apu rahisi, za kufunga ukiwa chini ya ringi, moja baada ya nyingine. Na ukichoka unachelewa kufika, ukichelewa unavuta mkono, ukivuta mkono ni faulo, na timu ikifikisha faulo ya tano kwenye robo hiyo wapinzani wanaenda kwenye mstari mitupo miwili kila mkiwagusa. Hiyo ndo robo ya nne yetu. Ndo ile mnayoiita kukosa ari. Mimi mechi nne za mwisho sikutolewa hata dakika moja, dakika 40 zote, sisemi nisifiwe, nasema kocha hakuwa na wa kumuingiza.

5. SAFARI.

Mechi za ugenini tunaondoka alfajiri siku ya mechi, tunashuka kwenye basi tunavaa jezi tunaingia. Wanaume wanaondoka siku moja kabla. Hili sina maelezo marefu, ratiba za basi mnazo nyie.

6. MECHI ZA NYUMBANI.

Siku tuliyocheza na vinara wa ligi tulikuta ukumbi umepangwa viti vya mkutano wa kesho yake. Viti mamia. Mlinzi hana taarifa, aliyeshika funguo za stoo hapokei simu. Tukavibeba wenyewe, wachezaji, tukiwa na jezi, na wapinzani wetu walipoona hivo wengine wakaja kutusaidia kubeba, yaani timu mbili zinapasha mwili kwa kuhamisha viti. Ubao wa pointi ulishaharibika tangu msimu uliopita, saa ya mechi ilikuwa simu ya mwanafunzi mmoja mezani, na saa ya kurusha, zile sekunde 24 ambazo timu yenye mpira lazima iwe imerusha, alikuwa mtu anahesabu kwa sauti. Mara mbili refa alisimamisha mchezo sababu simu iliingia. Vinara wa ligi, jamani. Sisi tumezoea, lakini wale wageni walitutazama kwa huruma na hiyo ndo iliuma.

Na ilikuwa Jumanne saa nane mchana, vipindi vinaendelea. Alafu ripoti ikasema hatuna mashabiki.

Sasa najua majibu yatakayokuja, tumeshayasikia yote, wacha niyajibu hapa hapa tuokoe muda.

Mtasema bajeti. Sawa, bajeti ni finyu, hatujawahi kubisha. Lakini kubadilishana zamu za uwanja na wanaume wiki kwa wiki kunagharimu nini? Kuhamisha mechi kutoka saa nane mchana kwenda saa kumi na moja jioni? Kumwambia fizio mechi ya ligi inatangulia mechi ya kirafiki? Nusu ya barua hii haihitaji hela, inahitaji mtu akae na ratiba na kalamu.

Mtasema kikapu cha wanawake hakina watu. Fainali ya vyuo Marekani 2024, South Carolina na Iowa, ilitazamwa na watu karibu milioni 19 kwenye televisheni, ya wanaume mwaka huo huo haikufika milioni 15. Na msiniambie hiyo ni Marekani wana hela, maana hao hao Marekani mwaka 2021 walifanya kama mnavyofanya nyie. Mashindano yale yale, wanaume wakawekewa ukumbi mzima wa vyuma vya mazoezi, wanawake kule San Antonio wakawekewa rafu moja ya dambeli na mikeka. Wakubwa wakasema tatizo ni nafasi. Mchezaji wa Oregon, Sedona Prince, akageuza kamera ya simu yake akaonesha nafasi tupu ilivyojaa, video ikasambaa, na ndani ya siku chache vyuma vikaletwa. Baada ya hapo waliagiza uchunguzi rasmi, na mwaka uliofuata wanawake wakaongezewa timu zikafika 68 sawa na wanaume, na wakaruhusiwa kutumia jina lile lile la mashindano ambalo walikuwa wamenyimwa. Kwahiyo nafasi ilikuwepo, ilisubiri aibu tu. Sisi hatukutaka kufika kwenye aibu ndo maana tulianza na barua ya muhuri.

Mtasema leteni matokeo kwanza ndo tuwape vifaa. Hili nimelisikia kwa masikio yangu. Hivi nani alipewa mtihani kwanza akafundishwa baadaye?

Kuna mzee mmoja kwenye Kamati, namheshimu sana, alituambia hata makocha wakubwa walianza kwa shida, tusidekezwe. Kweli. Pat Summitt alipopewa timu ya wanawake ya chuo cha Tennessee, Marekani, 1974 alikuwa na miaka 22, alikuwa anafua jezi na kuendesha gari la timu mwenyewe. Lakini mzee wangu hadithi haikuishia kwenye kufua. Chuo kiliongeza nguvu kadiri miaka ilivyokwenda, na yule mama akastaafu 2012 na ushindi 1,098 na ubingwa wa taifa mara nane. Angeachwa na beseni la jezi mpaka leo nani angemjua?

Na mtasema kocha hajalalamika. Kocha wetu ni wa muda, mkataba wake mnausaini nyie kila msimu. Naomba msimuulize kuhusu barua hii, hajaiona na hajui kama naandika, na ikitokea mkataba wake ukapata shida baada ya leo wote tutajua kwanini.

Tunachoomba, na naandika kwa niaba ya wachezaji wote saba na wale watano walioishia njiani, wameisoma na wamekubali:

Kwanza ile aya kwenye ripoti iondolewe au irekebishwe, iandikwe kwamba timu ilimaliza msimu na wachezaji 7 bila fizio. Hilo ndo la kwanza sababu aya hiyo ndo itakayotumika kutufuta, na wadogo zetu wanaoingia mwaka wa kwanza hawatakuwa na wa kuwasemea.

Pili, zamu za uwanja zigawanywe, wiki hii jioni ni ya wanaume, wiki ijayo ni yetu, na mazoezi ya mtu yeyote, mwanaume au mwanamke, yasivuke saa tatu usiku.

Tatu, fizio awepo kwenye kila mechi ya ligi ya nyumbani na angalau zoezi moja kwa wiki, na afundishe yale mazoezi ya magoti kuanzia wiki ya kwanza ya maandalizi, sio baada ya mtu mwingine kubebwa. Gharama za matibabu ya mwenzetu zimalizwe, fomu zake zipo ofisini kwenu na kila akiuliza anaambiwa bado saini moja.

Nne, mipira sita ya namba 6. Na ubao wa pointi utengenezwe, huo hata wanaume wanauhitaji.

Tano, mechi zetu zipangwe jioni na zitangazwe kwenye mbao zile zile zinapotangazwa za wanaume, na safari ndefu tuondoke siku moja kabla. Kama gari halitoshi tupo tayari kusafiri pamoja na wanaume siku moja, tumeshaongea nao.

Tunaomba kikao na wewe mwenyewe Mheshimiwa, sio na mwakilishi, na tunaomba majibu kwa maandishi kabla dirisha la usajili wa ligi halijafungwa. Likifungwa bila jina la chuo kwenye orodha ya wanawake tutajua mlishaamua siku nyingi na ripoti ilikuwa kisingizio, na hapo tutazitoa hadharani karatasi zote za matokeo, robo kwa robo, kila mtu ajisomee. Mwenzetu wa namba 5 bado anatembelea magongo lakini amesema kikao kikipatikana na yeye atakuja, kwahiyo kama inawezekana kiwe kwenye chumba cha chini, zile ngazi za jengo la utawala hataziweza.

Wako mtiifu katika michezo,

Nahodha, timu ya kikapu ya wanawake